Kabla Hujachoma Sindano: Mwongozo Kamili wa Kutumia Ushahidi wa Tafiti Katika Tiba ya Magonjwa ya Akili

Nilikuwa na miezi michache tu kazini, zamu ya usiku, katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Wakamleta kijana kutoka mwaloni, mikono imefungwa kwa kamba ya nyavu, siku nne hajalala, anajibizana na watu ambao sisi hatukuwaona. Nikafanya nilichowaona wakubwa zangu wakifanya: nikamchoma haloperidoli, dawa ya kutuliza wenye ghasia, peke yake. Akatulia. Karibu na alfajiri shingo ikapinda upande, macho yakaenda juu, ulimi ukatoka na taya likakaza. Mama yake alikuwa amelala sakafuni juu ya kanga. Aliamka, akamtazama, akasema, "Wamemfuata mpaka huku." Kabla ya saa tatu asubuhi walikuwa wameshaondoka naye. Alirudi baada ya miezi minane, amekonda, ana makovu ya mnyororo kwenye vifundo vya miguu.

Kilichompata kina jina: distonia, misuli kukaza ghafla kwa sababu ya dawa. Huwapata zaidi wanaume vijana, na haloperidoli ni miongoni mwa dawa zinazoileta sana. Promethazini ilikuwa kabatini, hatua tano kutoka niliposimama. Tulizoea kuitumia kwa mzio na kutapika. Na jibu lilikuwa limeshachapishwa mwaka 2007. Madaktari wa Rio de Janeiro, Brazili, waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 316 waliofika wakiwa na ghasia: wengine wakachomwa haloperidoli peke yake, wengine haloperidoli pamoja na promethazini. Baada ya dakika 20, waliokuwa wametulia ni asilimia 55 katika kundi la kwanza na asilimia 72 katika kundi la pili. Wagonjwa kumi walipata distonia. Wote kumi walikuwa wa haloperidoli peke yake.

Usiku ule dawa ilikuwepo, nia njema ilikuwepo, na sindano niliichoma vizuri. Sikuwa nimejiuliza kama kuna mtu aliyewahi kulinganisha.

Mwongozo huu nauandika kwa afisa tabibu, muuguzi au daktari aliye peke yake na wagonjwa wa akili: kituo cha afya Ukerewe, zahanati Kwimba, kliniki ya wilaya Sengerema au Magu. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kuusoma, na maswali mengine yaliyomo humu ni haki yake kutuuliza sisi.

Mafiga matatu

Jina la tiba inayozingatia ushahidi alilianzisha Gordon Guyatt mwaka 1991, akiwa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada. Mwaka 1996 David Sackett na wenzake wakaieleza kwa namna ambayo mimi huiona kama mafiga: ushahidi bora uliopo wa tafiti, ujuzi wa mtabibu mwenyewe, na yale ambayo mgonjwa anayathamini. Ondoa figa moja, chungu kinamwagika. Wapo wanaodhani mambo haya ni kufuata karatasi za Wazungu na kuacha kumtazama mgonjwa. Anayefanya hivyo amebaki na figa moja, na hapiki kitu.

Kwa nini fani yetu iuhitaji ushahidi kuliko fani nyingine? Kwanza, hatuna kipimo cha damu cha kutuambia kama skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, imepungua. Pili, magonjwa haya yana mawimbi. Mgonjwa huletwa siku wimbi likiwa juu kabisa, kwa hiyo chochote utakachompa, hata maji, kuna uwezekano wiki mbili baadaye ukamkuta ana nafuu. Ukajisifu wewe, au akajisifu mganga, wakati wimbi limeshuka lenyewe.

Historia yetu ina mfano wenye uchungu. Mwaka 1933 Manfred Sakel alitangaza tiba ya kuwazimisha wagonjwa wa skizofrenia kwa insulini, sukari inashuka mpaka wanapoteza fahamu, siku baada ya siku kwa wiki nyingi. Ikaenea duniani. Kulijengwa wodi maalumu, na wauguzi wake walikuwa hodari na wenye ari. Wagonjwa wengine walikufa. Mwaka 1953 daktari kijana Mwingereza, Harold Bourne, akaandika kwamba ushahidi haupo, wakubwa wakamshambulia. Mwaka 1957 ukafanyika ulinganisho wa haki: kundi moja likazimishwa kwa insulini, lingine kwa dawa ya usingizi, yote yakapata uangalizi uleule. Matokeo hayakutofautiana. Kama kulikuwa na kilichowasaidia wagonjwa, hakikuwa insulini. Huenda ni yule muuguzi aliyekaa kando ya kitanda kutwa nzima.

Hatua ya kwanza: uliza swali linalojibika

Kabla ya swali lolote la dawa ya akili, hakikisha ugonjwa si wa mwili. Hapa kwetu mtu anayeweweseka anaweza kuwa na malaria kali, sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU, kifafa, au ameacha gongo ghafla juzi baada ya kuinywa miaka kumi. Pima malaria, sukari, VVU, kaswende. Ushahidi bora wa dawa ya skizofrenia hauna kazi kwa mtu ambaye hana skizofrenia.

Sasa swali. Wengi wetu huuliza, "Dawa nzuri ya sonona, yaani huzuni ya kupita kiasi, ni ipi?" Swali hilo ni kama kuuliza mtumbwi mzuri ni upi bila kusema unaenda kuvua nini. Mimi huligawa swali vipande vinne: nani, nini, kuliko nini, ili iwe nini.

Chukua kijana wa mfano, mvuvi wa dagaa wa miaka 24, kipindi chake cha kwanza cha saikosisi, yaani kupotewa na uhalisia, ametulia baada ya wiki sita za vidonge. Swali lake: kwa kijana aliyepata nafuu (nani), kuendelea na dawa kwa mwaka mzima (nini) kuliko kuacha sasa (kuliko nini), kutapunguza ugonjwa kumrudia na kutamrudisha ziwani (ili iwe nini)?

Kipande cha nne ndicho kinachosahaulika, na ndicho ninachokusihi ukae nacho zaidi. Sisi hupenda kuandika "sauti zimepungua". Muulize yeye. Kijana mmoja aliniambia sauti hazimsumbui sana, kinachomsumbua ni mikono kutetemeka mpaka hawezi kushika karabai. Muulize na mama: atakwambia anataka mwanaye aoge mwenyewe na asimtukane baba yake mbele ya wageni. Andika maneno hayo kwenye faili kama yalivyosemwa, kwa sababu huko mbele ndiyo yatakayokuambia kama tiba imefaulu.

Na tumia majina ya watu. Ni wachache wanaofika kliniki wakisema wana sonona. Husema "nina mawazo", "kichwa kimejaa", "moyo mzito", "mwili hauna nguvu". Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na watafiti wa huko walianzia kwenye neno hilo. Mwenye "mawazo" ukimuuliza tu kama ana homa, utampa dawa ya malaria mara tano kwa mwaka.

Hatua ya pili: tafuta, kwa mpangilio

Usianzie kwenye mtandao mpana. Anza karibu. Mwongozo wa matibabu wa taifa pamoja na orodha ya dawa muhimu, toleo la 2021, upakue kwenye simu. Unakuonyesha dawa zinazotarajiwa kuwepo katika ngazi yako. Kisha mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la pili la 2016, ambao uliandikwa kwa ajili ya watoa huduma wasio mabingwa. Mapendekezo yake yalihuishwa mwaka 2023.

Usipopata jibu hapo, nenda Cochrane, maktaba ya mapitio ya kimfumo iliyopewa jina la Archie Cochrane. Muhtasari wa kila mapitio unasomeka bure. Mapitio ya kimfumo maana yake wamekusanya majaribio yote ya swali moja, mazuri na mabaya, wakayapima pamoja. Si kuchagua yale yanayopendeza. Mwisho kabisa, PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tafiti za afya. Andika jina la ugonjwa, jina la dawa na aina ya utafiti, kwa Kiingereza kwa bahati mbaya, halafu chuja ubaki na mapitio na majaribio ya nasibu. Makala ikiwa imefungwa, kumbuka Hinari, mpango ulioanza mwaka 2002 unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya afya. Wakutubi wa vyuo vya afya, kama pale chuoni Bugando, wanaujua. Mpigie mmoja simu. Binafsi nimesaidiwa na mkutubi mara nyingi kuliko na profesa.

Jiwekee dakika 20. Ukikosa ndani ya muda huo, andika swali kwenye daftari ulilete kwenye kikao. Na ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, hata ukitoka kwa mtu unayemheshimu, usiuhesabu kuwa ushahidi mpaka umeona utafiti wenyewe. Vivyo hivyo kipeperushi cha msambazaji wa dawa, chenye mchoro wa rangi na kalamu ya bure.

Hatua ya tatu: pima ulichokipata

Hapa watu wengi hukata tamaa wakidhani wanatakiwa kuwa wanatakwimu. Huhitaji. Maswali manne yanatosha kwa kuanzia.

Waligawanywaje? Kama wagonjwa au madaktari ndio waliochagua nani apate dawa gani, wenye hali nzuri huishia upande mmoja. Ugawaji uwe wa bahati nasibu, na mgawaji asiweze kuuchezea.

Nani alijua? Katika fani yetu matokeo hupimwa kwa kuuliza na kutazama. Mpimaji akijua huyu yuko kwenye dawa mpya, jicho lake huona nafuu. Angalau yeye afichwe.

Wangapi walipotea? Mwaka 2005 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao CATIE, wagonjwa 1,493 wa skizofrenia. Asilimia 74 waliacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18 kuisha. Ukiona watu wengi hivyo wameacha, wastani wa waliobaki haukuambii habari nzima. Lakini kuacha kwenyewe nako ni habari: dawa haikuwafaa, au iliwaudhi mno. Utafiti huohuo una habari njema kwa kabati zetu: perfenazini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, haikuachwa nyuma na nyingi kati ya zile mpya za bei kubwa. Mtu akikuambia kwamba wagonjwa wetu wanapata tiba duni kwa sababu tu dawa zetu ni za zamani, mwambie asome CATIE.

Nini hakikuchapishwa? Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walichukua majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, wakayafuatilia majaridani. Kwa hesabu ya mamlaka, nusu tu hivi yalikuwa na matokeo mazuri. Kwa aliyesoma majarida peke yake, asilimia 94 yalionekana mazuri. Yaliyoshindwa mengi hayakutoka, au yalitoka yakiwa yamepakwa rangi. Ndiyo maana jaribio moja linalong'aa halitoshi.

Kisha ukubwa wa faida, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ni hesabu ya kutoa na kugawanya tu. Turudi kwa mvuvi wetu. Mapitio ya mwaka 2012 yaliyoongozwa na Stefan Leucht yalikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 6,493 wa skizofrenia waliokuwa wametulia. Ndani ya mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia asilimia 64 ya waliohamishiwa dawa tupu, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, na asilimia 27 ya walioendelea na dawa halisi. Toa: 64 ondoa 27 ni 37. Gawanya 100 kwa 37, unapata karibu 3. Maana yake, ukiwaendeleza wagonjwa watatu na dawa, unamwokoa mmoja asirudiwe. Katika tiba yote, ya mwili na ya akili, namba kama hiyo ni adimu. Lakini soma na upande wa pili: 27 walirudiwa wakiwa wanatumia dawa, na 36 hawakurudiwa ingawa waliacha. Ukimwambia mzazi kwamba mtoto akiacha dawa lazima ataugua, umesema kisichokuwa kweli. Na atamjua jirani aliyeacha akapona, kisha hatakuamini tena.

Linganisha na sonona. Mapitio ya Andrea Cipriani na wenzake ya mwaka 2018 yalijumlisha majaribio 522, watu 116,477, dawa 21. Zote zilishinda dawa tupu, ila kwa wastani ushindi ni wa kiasi, na majaribio mengi yalipima wiki nane tu. Amitriptilini yetu ya zamani ilikuwa juu kabisa kwa nguvu. Usikimbilie kuiandika; subiri hatua inayofuata.

Hatua ya nne: rudi kwa mgonjwa aliye mbele yako

Majaribio mengi huwakataa watu wanaotufikia sisi: mlevi, mjamzito, mwenye VVU, aliyejaribu kujiua wiki iliyopita. Jiulize kama kuna sababu ya kweli ya kudhani mgonjwa wako atafuata njia nyingine, au ni kwamba hafanani nao kwa sura na anwani tu.

Amitriptilini, kwa mfano. Nguvu inayo, lakini vidonge vya mwezi mmoja vikimezwa kwa mkupuo vinaweza kuusimamisha moyo. Kwa mtu mwenye mawazo ya kufa, fluoksetini ni salama zaidi. Kama amitriptilini ndiyo pekee iliyopo, mpe ya wiki moja na aitunze ndugu.

Litiamu ina ushahidi mzuri katika ugonjwa wa baipola, ule wa kupanda na kushuka kwa hisia kupita kiasi, tangu John Cade alipoanza kuitumia Australia mwaka 1949 na Mogens Schou akaijaribu kwa haki Denmark miaka michache baadaye. Ila inahitaji kupimwa kiwango chake kwenye damu. Mvuvi anayeshinda juani, anayeharisha, au anayenunua diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo, kiwango chake hupanda mpaka kuwa sumu. Kama huna pa kupimia, usiianze. Kama unaweza kumtuma hospitali ya Bugando au Sekou Toure, Mwanza, kupima na akarudi, zungumza naye habari za nauli kabla ya habari za dawa.

Valproeti kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba: usimwandikie kama kuna njia nyingine. Madhara kwa mtoto aliye tumboni ni makubwa na yanajulikana, ya kimaumbile na ya akili. Kabamazepini nayo hupunguza nguvu ya kipandikizi cha uzazi wa mpango na ya dolutegraviri, dawa ya VVU. Katika mialo yetu, ambako VVU ni vingi, kila kabamazepini unayoiandika iambatane na swali, "Unatumia dawa gani nyingine?" Uliza faragha, mkwe asiwepo.

Sasa mfano ambao akili ya kawaida hudanganya. Sisi ni ukanda wa pamba. Sumu ya wadudu iko uvunguni mwa vitanda Kwimba na Misungwi, na watu huinywa. Dawa yake ingeonekana wazi: kila kaya ipewe sanduku lenye kufuli. Sri Lanka walilijaribu hilo, vijiji 180, zaidi ya kaya 53,000, matokeo yakatoka mwaka 2017. Masanduku hayakupunguza unywaji wa sumu. Kilichofanya kazi huko ni serikali kupiga marufuku sumu kali zaidi, moja baada ya nyingine. Kiwango cha kujiua kikashuka kwa zaidi ya asilimia 70 tangu katikati ya miaka ya 1990. Je, nimwambie mama mwenye binti anayetaka kufa kwamba kufuli haina maana? Hapana. Jaribio lile liligawa masanduku kwa kila mtu. Halikupima nyumba moja yenye hatari leo. Ninachojifunza ni kutoutegemea ufunguo ambao kila mmoja nyumbani anajua unapotundikwa. Ninamwambia: "Mama, sumu itoke nyumbani kabisa, ikae kwa shangazi au kwenye ghala la chama, mpaka nikwambie." Na binti ninamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Tafiti zilizochunguza jambo hilo hazikuona kwamba kuuliza kunapanda wazo.

Dawa si kila kitu, na ushahidi wenyewe ndio unaosema hivyo. Ng'ambo ya ziwa hilihili, Masaka na Rakai nchini Uganda, mwaka 2003 zilitoka habari za vijiji 30 vilivyogawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu yake, wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa wiki mbili. Kabla ya kupima chochote watafiti waliuliza wanakijiji huzuni hiyo wanaiitaje. Mwishoni, waliobaki na sonona ni asilimia 6.5 katika vikundi na 54.7 kwa wale wa vijiji visivyopata vikundi. Harare nako, Dixon Chibanda na wenzake waliwaweka wanawake watu wazima wa mtaani kwenye benchi nje ya zahanati, wasikilize na wasaidie kupanga tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lao la 2016, watu 573, lilionyesha baada ya miezi sita sonona asilimia 13.7 upande wa benchi na 49.9 upande mwingine. Mama wa VICOBA pale Igoma hana tofauti kubwa na bibi wa Harare. Kukosa fluoksetini si kukosa tiba.

Na waganga? Huwezi kufanya kazi Usukumani ukajifanya hawapo. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2003 ulikuta wenye sonona na wasiwasi ni asilimia 24 ya wateja wa zahanati, na asilimia 48 ya wateja wa waganga. Wagonjwa wetu wako huko. Nigeria na Ghana, mwaka 2020, Oye Gureje na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa saikosisi waliokuwa kwa waganga na kwenye maombi walipata nafuu zaidi pale wahudumu wa afya walipowafuata hukohuko na kushirikiana na mwenyeji wao, wakatibu bila kumgombeza. Mimi masharti yangu ni matatu: asifungwe, asipigwe, asizuiwe kula na kunywa dawa. Mengine tunaongea.

Mazungumzo na mama wa kijana kama yule mvuvi wetu yalikwenda hivi siku moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa huyu atameza hivi mpaka lini?"

"Mama, chukulia vijana mia walioumwa kama huyu na wakapoa. Wakiacha dawa wote, ndani ya mwaka 64 wanarudiwa. Wakiendelea wote, wanarudiwa 27. Nani ataangukia wapi, siwezi kukuambia."

Mama akanyamaza, akahesabu kwa vidole. "Na hii mikono kutetemeka?"

"Hiyo tunapunguza dozi, tunaangalia. Ikishindikana tunabadili."

"Basi mwaka huu ameze. Mwaka ukiisha tuongee tena."

Hakuna fomu niliyojaza siku hiyo yenye ridhaa bora kuliko hiyo.

Pale ambapo ushahidi haupo kabisa, na pako pengi, fanya dogo lisilo na hatari kubwa, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike tarehe. Ukiongeza dawa mbili siku moja hutajua iliyosaidia wala iliyodhuru.

Hatua ya tano: hesabu

Hatua hii inarukwa karibu kila mahali, na ndiyo itakayokuonyesha kama zile nne zimeleta kitu. Huhitaji kompyuta. Sisi tuna daftari la mistari, kurasa zimegawanywa kwa rula.

Ukurasa wa kwanza: kila aliyechomwa haloperidoli, je, alipewa na promethazini, na je, alipata distonia? Wa pili: alama za PHQ-9 kwa wenye sonona, siku ya kwanza na kila mwezi. Dodoso hilo lipo kwa Kiswahili, maswali tisa, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 uchukulie kwa uzito, na swali la tisa, la kutaka kufa, usilipite hata jumla ikiwa 4. Wa tatu: lile jibu la "ili iwe nini" kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na mbele yake tiki au mstari mtupu. Ameoga mwenyewe. Ameshika karabai.

Wa nne ni tarehe za flufenazini, sindano ya mwezi, na siku mtu alipokuja kweli. Ukurasa huo ulitufundisha jambo. Waliokuwa wakikosa tarehe ni wavuvi wa dagaa zaidi ya wote, na tulikuwa tukiandika "hana ushirikiano". Muuguzi wetu mmoja, aliyekulia Ukerewe, akatazama tarehe akacheka: tulikuwa tunawapangia wakati wa giza, usiku ambao dagaa hufuata taa na hakuna mvuvi anayeweza kuacha mtumbwi. Wakati wa mbalamwezi wako nchi kavu, wanashona nyavu. Na mwezi wa angani una siku 29 na nusu, karibu sawa na wiki nne za sindano.

Tukahesabu waliofika kwa wakati katika miezi mitatu ya utaratibu wa zamani. Sasa wavuvi tunawachoma mbalamwezi, na tunahesabu miezi mitatu mingine. Muuguzi yuleyule ameomba tuhesabu na akina mama wa sokoni, ambao tarehe zao hatukuzigusa, tusije tukausifu mwezi kumbe ni mvua zimekatika na barabara imepitika.